Kuteua, Kuunganisha, Kubebesha: Maoni juu ya Istilahi za Tiba ya Nafsi

Mwanzoni mwa mwaka huu ilitufikia rasimu ya kijitabu kinachokusudiwa kuwafundisha walimu washauri na wauguzi wa zahanati namna ya kuwasaidia watu wenye huzuni ya muda mrefu, msongo wa mawazo na hofu isiyokwisha. Msaada wenyewe ni wa mazungumzo na mazoezi, badala ya vidonge au pamoja na vidonge. Kijitabu kimefasiriwa na watu ambao hatuna shaka na bidii yao. Hatutakitaja jina, kwa kuwa hakijachapwa na wenyewe wamekubali kukirekebisha. Tunakijadili hapa kwa sababu makosa yaliyomo si yao peke yao. Baadhi yake ni yetu sisi tunaounda istilahi, kama itakavyoonekana.

Tutashughulikia hasa sura yake ya sita, inayoitwa "Tiba Jumuishi". Ndani ya sura hiyo imo sentensi ifuatayo: "Mteja apewe ushauri nasaha kwa kutumia mbinu jumuishi zinazojumuisha mbinu mbalimbali." Kisarufi sentensi hii haina kasoro. Maneno yake yote yamo katika kamusi. Lakini muuguzi akiisoma mara tatu bado hatajua kesho asubuhi afanye nini na mtu aliyeketi mbele yake.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Tiba hii ina madhehebu mengi. Wafuasi wa Freud hutafuta chanzo cha maumivu katika mambo ya zamani yaliyofichika hata kwa mgonjwa mwenyewe. Wanaotibu tabia huona kwamba hofu ni kitu kilichofunzwa, na kwa hiyo chaweza kufunzuliwa kwa mazoezi. Wafuasi wa Carl Rogers hushikilia kwamba kazi kubwa ya mtabibu ni kusikiliza na kumheshimu anayesema. Wafuasi wa Aaron Beck huchunguza fikra potofu zinazomdidimiza mtu. Kwa miongo mingi madhehebu haya yalipingana kama mafundi wanaogombea mteja mmoja. Baadaye wengine walianza kujiuliza kama haiwezekani mtabibu mmoja akanufaika na zaidi ya dhehebu moja, na mwaka 1983 wakaunda chama cha kimataifa cha kulichunguza swali hilo. Majibu yaliyotolewa si mamoja. Yako manne, nayo yanatofautiana sana. Lugha ya asili ya kijitabu huyapa majina manne. Rasimu yetu imeyapa yote jina moja, "jumuishi", nayo tofauti zote zimezama humo.

Ni desturi yetu kuzipeleka istilahi kwa watu watakaozitumia kabla ya kuzipitisha, ingawa nafasi na nauli haziruhusu kila mara. Safari hii tulikwenda Kigonsera, katika Wilaya ya Mbinga, kwenye barabara itokayo Songea. Wabenediktini walifungua misheni hapo mwaka 1899, mwaka mmoja baada ya Peramiho, na elimu ya shule ina mizizi mirefu. Hata hivyo Kimatengo na Kingoni ndizo lugha za nyumbani kwa wazee wengi, na Kiswahili wamejifunza. Tulipachagua kwa makusudi. Istilahi inayoeleweka Dar es Salaam tu haijapimwa. Waliotusikiliza walikuwa walimu wawili, muuguzi mmoja, katekista mstaafu na wakulima wa kahawa watano, watatu kati yao wanawake. Tuliwasomea rasimu kwa sauti, sentensi kwa sentensi, kwa siku mbili.

Neno la kwanza kuanguka lilikuwa "ushauri nasaha". Sisi tulikuwa na pingamizi letu la kiofisi: ushauri na nasaha ni kitu kimoja kilichosemwa mara mbili. Pingamizi la muuguzi lilikuwa zito zaidi. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa nchini, mkoani Kagera, mwaka 1983, na hasa baada ya vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari kuenea, maneno haya mawili yameambatana na kupima damu. Alitusimulia kwamba alipokuwa akifanya kazi katika zahanati nyingine, mbali na hapo, alimwandikia mama mmoja aliyefiwa na mumewe karatasi ya kwenda kupata ushauri nasaha. Mama alikuwa halali, hali, na hana la kusema na watoto wake. Aliipokea karatasi, akashukuru, akaondoka. Hakwenda alikoelekezwa. Nyumbani aliichoma karatasi ile, akaacha kabisa kuja zahanati hata watoto walipougua, maana aliamini kwamba amekwisha pimwa bila kuambiwa na kwamba mumewe alikufa kwa ugonjwa huo. Ilichukua karibu mwaka mzima hadi dada yake alipokuja kuuliza. "Nami niliandika maneno yaliyokuwa kwenye fomu," alisema muuguzi.

Tumelitafakari sana jambo hili. Fomu ile ilitungwa na mtu, na maneno yake yalipitishwa na mtu. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba "ushauri nasaha" liachiwe matumizi liliyokwisha kuyashika, na kwamba kazi ya mwalimu au muuguzi ya kumsaidia mtu kulitazama tatizo lake iitwe "unasihi", neno ambalo vyuo vyetu vinalitumia tayari. Tiba yenyewe, inayofanywa na mtu aliyefunzwa kutibu, ibaki na jina lake peke yake. Rasimu imezichanganya hizi mbili, na zaidi ya hayo tiba imeiita kwa majina manne: saikotherapia katika sura ya kwanza, tibasaikolojia katika ya pili, matibabu ya kisaikolojia katika ya tatu, na ushauri nasaha kuanzia hapo hadi mwisho. Mwanafunzi ana haki ya kudhani kwamba anafundishwa mambo manne.

Tulikwenda na pendekezo la "tiba ya nafsi", tukiwa na wasiwasi nalo. Rasimu inasema "tiba ya akili" mahali pengi, kwa kufuata mazoea ya "afya ya akili" na "hospitali ya wagonjwa wa akili". Mzee mmoja alitusahihisha. "Wanangu," alisema, "mgonjwa wa akili tunamjua, ni yule anayeokota makopo. Huyu mnayemsema ninyi akili zake ni timamu. Moyo ndio unaomsumbua." Alisema kweli kwa mujibu wa Kiswahili chote tunachokijua. Huzuni hukaa moyoni, hofu hukaa moyoni, mtu huvunjika moyo, huwa na moyo mzito. Akili ni ya kuhesabu na kupanga. Ila moyo umekwisha chukuliwa na madaktari wa mwili: atakayeandikiwa "tiba ya moyo" atapanda basi kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na atapimwa mapigo. Nafsi ndiyo iliyobaki. Katekista alisema kwamba watu huisikia kanisani na wanaielewa, ingawa hawaitumii jikoni. Tumeridhika na hilo. Neno la kitaalamu si lazima litumike jikoni, mradi likisikika lisimtishe mtu wala kumpoteza njia.

Papo hapo tuseme neno la sifa. Ugonjwa ambao zamani uliandikwa kwa tohozi au kwa maelezo marefu sasa huitwa "sonona", na rasimu imelitumia sawasawa. Watu wa Kigonsera hawakuhitaji kuelezwa. Kusononeka wanakujua. Mtu aliyeliokota neno hilo na kulipa kazi mpya ya hospitalini alifanya kazi ambayo kila mwundaji wa istilahi angependa kuwa ameifanya yeye.

Turudi kwenye sura ya sita. Kasoro yake kubwa ni kwamba hutumia "mbinu" kwa mambo matatu. Tuchukue mfano wa kijana wa Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, aliyenusurika mtumbwi ulipopinduka na nduguye akafa maji. Sasa hawezi kupanda chombo, wala kulitazama ziwa, wala kuvua, na uvuvi ndio kazi ya nyumbani kwao. Mtabibu akimtembeza siku ya kwanza hadi mahali anapoliona ziwa kwa mbali, siku ya pili akamkaribisha mchangani, siku ya tano akamtia miguu majini, hiyo ni mbinu. Maelezo kwamba hofu imefunzwa na kwamba kuikimbia huizidisha ni nadharia. Msimamo mzima wa mtabibu, yaani anavyomwona mgonjwa, anachokitafuta, anavyojua kwamba amepona, ni mkabala. Mkabala hubeba nadharia na mbinu pamoja. Maneno haya matatu tunayo na walimu wanayatumia kila siku katika masomo mengine. Rasimu ikiyatenganisha, nusu ya ugumu wa sura ya sita utaondoka, kwa sababu majibu manne tuliyoyataja yanatofautiana hasa katika swali hili: kinachokutanishwa ni mbinu, au ni nadharia, au ni kitu kingine?

Jibu la kwanza lilitolewa na Arnold Lazarus, mzaliwa wa Johannesburg, mwaka 1967. Alisema kwamba mtabibu na achukue mbinu yoyote iliyoonekana kufaa, bila kujali imetoka dhehebu gani na bila kuikubali nadharia yake. Kijana wa Liuli atembezwe hadi majini kwa mbinu ya watu wa tabia, na pia awekewe kiti kitupu aongee na nduguye aliyekufa kana kwamba ameketi pale, kwa mbinu ya dhehebu lingine kabisa. Nadharia zao zikigombana, ni shauri lao. Fundi seremala huazima patasi ya jirani bila kuhamia karakana ya jirani. Rasimu imeliita hili "tiba eklektiki". Kutohoa si dhambi, lakini huja baada ya kutafuta nyumbani na kukosa. Hapa hatujakosa. Kinachofanyika ni kuteua, na jina lake ni "uteuzi wa mbinu".

Jibu la pili ni la Paul Wachtel, mwaka 1977. Yeye hakutaka kuazima patasi. Alitaka kujenga karakana moja. Alionyesha kwamba jeraha la zamani, ambalo wafuasi wa Freud wanalitafuta, humfanya mtu atende mambo fulani leo, na matendo hayo ya leo, ambayo watu wa tabia wanayatazama, hulifanya jeraha libaki bichi. Kijana hulikimbia ziwa kwa sababu ya nduguye, na kwa kulikimbia hukaa nyumbani akimwona nduguye kila usiku. Ni mzunguko mmoja, na nadharia moja yapaswa kuueleza wote. Huku ni kuunganisha, nasi tunapendekeza "muungano wa nadharia". Mwenzetu mmoja ofisini alihofu kwamba neno Muungano lina wenyewe tangu mwaka 1964. Tunaona kwamba mtumishi wa serikali ndiye hasa atakayelielewa kwa upesi: vitu viwili vinakuwa kimoja, na kazi ya kuamua kipi kibaki cha nani haiishi siku ya kutia saini.

Jibu la tatu tutalirudia baadaye, kwa kuwa ndilo linaloigusa Kigonsera zaidi. Jibu la nne ndilo lililotuletea taabu na furaha kuliko yote. Lilielezwa na Stanley Messer mwaka 1992. Mtabibu, alisema, ana kwao. Amefunzwa mkabala mmoja na anasimama ndani yake. Anaweza kupokea mbinu ya ugenini, lakini inapoingia kwake mbinu hiyo hulishwa na mkabala wa mwenyeji, na maana yake hubadilika. Haibaki ilivyokuwa kwao. Rasimu imeliita jambo hili "upandikizaji". Tulipolisoma, wakulima waliguna. Mama mmoja alituuliza kama sisi ni watu wa kilimo. Tukasema hapana. Akacheka, akatufundisha.

Kupandikiza, alisema, ni kuung'oa mche kitaluni na kuuhamishia shambani. Mche mzima unahama na mizizi yake. Hilo silo mnalolieleza ninyi. Ukiwa na mbuni wa zamani wenye mizizi iliyoshika ardhi, ukauchanja, ukautia kikonyo cha aina mpya inayohimili ugonjwa, huko ni kubebesha. Shina ni lile lile, mizizi ni ile ile, nacho kikonyo hunywa maji ya shina. Kazi hiyo wanaijua vizuri: Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania ina kituo kidogo Ugano, humo humo Mbinga, na aina chotara zimekuwa zikienezwa kwa njia hiyo pamoja na nyingine. "Ila ujue," aliongeza, "kikonyo cha mwembe hakishiki kwenye mbuni."

Nyongeza ile ilitufaa kuliko maelezo yenyewe, kwa sababu imo katika hoja ya Messer na haimo katika neno la rasimu. Si kila mbinu hukubali kila mkabala. Mtabibu aliyefunzwa kusikiliza tu, bila kuamuru, hawezi kesho kumpa mgonjwa orodha ya maagizo na kudhani kwamba shina halitajua. "Ubebeshaji wa mbinu" husema yote mawili, mapokezi na mpaka wake. Walitokea waliopinga: kubebesha ni kumtwika mtu mzigo, na yako matumizi mengine ya neno hilo ambayo walimu wa shule za sekondari hawatayafurahia. Tunayajua. Lakini miche iliyobebeshwa huuzwa hadharani nchini kote, ya parachichi na ya maembe, na hatujasikia mnunuzi aliyeona haya.

Neno "jumuishi" lenyewe tunashauri liondolewe hata kwenye jina la sura. Hapa ndipo kosa letu lilipo, maana sisi wenyewe tuliwahi kulikubali katika orodha moja bila kuuliza linafanya kazi gani kwingine. Walimu wa Kigonsera walituambia mara moja: elimu jumuishi ni ile inayowapokea watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao. "Tiba jumuishi" kwao ilikuwa tiba ya walemavu. Tumependekeza "tiba ya mikabala mingi". Ni refu, halina urembo, lakini halidanganyi.

Kuna pendekezo jingine la rasimu ambalo lilitupendeza kwa kusoma na likatushinda kwa kusikiliza. Kwa tiba inayofanywa kwa kikundi, wafasiri waliandika "sengu", kwa nia njema ya kuchota katika lugha zetu. Sengu ni desturi ya Wamatengo, nayo imeelezwa vizuri na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Japani waliofanya kazi Mbinga tangu miaka ya 1990. Wanaume wa ukoo walikutana kula pamoja, chakula kikiletwa kutoka kila nyumba, na hapo hapo mambo yakasemwa: ugomvi ukaamuliwa, vijana wakaonywa, aliyepungukiwa akajulikana kabla hajaomba. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 desturi hiyo ilififia. Wazee waliitaja kwa upendo, na hapana shaka iliponya wengi.

Hata hivyo mmoja wa wale wakina mama watatu alisema kwa upole kwamba yeye alipeleka chakula kwenye sengu kwa miaka mingi na hakuwahi kuketi. Mke aliyeteswa na mumewe angelisikia shauri lake likiamuliwa na wazee wa upande wa mume. Tena katika sengu hapakuwa na siri, wala hapakutakiwa kuwa na siri. Lilikuwa ni baraza, na uamuzi wake ulimbana mtu. Tiba ya kikundi hujengwa juu ya ahadi kwamba yaliyosemwa hayatoki, na kwamba hakuna atakayehukumiwa. Kuipa jina la sengu ni kuikosea heshima sengu na kumdanganya mgonjwa kwa wakati mmoja. Tumewashauri waandike "tiba ya kikundi", na kila mkutano wake uitwe "kikao", badala ya "sesheni" wanayoipenda.

Sasa tulirudie jibu la tatu. Saul Rosenzweig, mwaka 1936, aliona kwamba madhehebu yanayopingana huponya wagonjwa wao yote, akauliza kama si yale wanayoshirikiana, wasiyoyatia maanani, ndiyo yanayoponya. Jerome Frank, katika kitabu chake cha mwaka 1961, alilipanua swali hilo akawalinganisha matabibu wa hospitali na waganga wa jadi na wahubiri. Aliona mambo manne kila mahali: mtu anayeaminiwa, mahali palipotengwa kwa ajili ya kupona, maelezo ya kwa nini unaumwa, na utaratibu ambao mgonjwa na mtabibu wote wanauamini na kuutenda. Rasimu imeyaita haya "vipengele jumuishi". Yaitwe "mambo ya pamoja", yaeleweke.

Katekista mstaafu aliposomewa mambo hayo manne alinyamaza kidogo, kisha akayahesabu kwenye vidole. Padre katika kitubio anayo yote. Mganga wa ngoma anayo yote. Wazee wa sengu walikuwa nayo. Muuguzi anayo matatu, alisema, akamtazama muuguzi: mahali hana, maana anasikiliza watu kwenye chumba cha kuchomea sindano huku mlango uko wazi. Hakuna aliyecheka. Muuguzi alikubali kwa kichwa.

Jambo ambalo rasimu hailisemi, nasi tungependa ilisemе kwa lugha iliyo wazi, ni kwamba mgonjwa wa Kigonsera amekwisha kuchanganya mikabala kabla ya kijitabu kufika. Mtu yule yule huenda zahanati, huungama, huitisha kikao cha ukoo, na usiku hupelekwa kwa mganga. Wataalamu wengine wa Afrika walilijua hili zamani. Huko Aro, Abeokuta, nchini Nigeria, T. A. Lambo alianza mwaka 1954 kuwaweka wagonjwa vijijini pamoja na jamaa zao na kuwashirikisha waganga wa jadi. Nchini kwetu, mpango wa afya ya akili ulioanza katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1980 nao uliwatazama waganga kama washirika. Lakini istilahi zetu za kisheria zilikwenda njia nyingine. Sheria ya mwaka 2002 inazungumzia "tiba asili na tiba mbadala". Mbadala ni kitu kinachoshika nafasi ya kingine. Kwa jina hilo tu mtu ameambiwa achague: hii, au ile badala yake. Hatuna mamlaka ya kurekebisha sheria. Tunaweza kuwaomba wafasiri wasiliingize neno hilo mahali ambapo linalosemwa ni "pamoja".

Hatusemi kwamba kila kinachochanganywa na mgonjwa kinafaa kuchanganywa. Kuagua, kwa mfano, mara nyingi huishia kumtaja mchawi, na anayetajwa huwa mama mkongwe au mkwe. Tiba inayomponya mmoja kwa kumtia hatiani mwingine haiwezi kubebeshwa kwenye mkabala wowote wa hospitali. Ndiyo maana tulilikataa "uaguzi" lililopendekezwa na mmoja wetu kwa kazi ya mtabibu ya kutambua chanzo. Tumeshauri "utambuzi", neno ambalo halinyooshei kidole jirani.

Wafasiri wanaotafuta mfano wa kuiga tunawaelekeza Zimbabwe. Huko Mbare, mjini Harare, mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza na wanawake wazee kumi na wanne walioketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi uliowahusisha watu 573 yalichapishwa, yakionyesha nafuu kubwa kwa waliohudumiwa na bibi hao. Mbinu yao ya kutatua matatizo hatua kwa hatua ilitoka ng'ambo. Majina hayakutoka ng'ambo. Ugonjwa uliitwa kwa Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na hatua za tiba ziliitwa kufungua fikra, kuinua na kutia nguvu, zote kwa Kishona. (Mfasiri aangalie: kufunga kwa Kishona ni kuwaza. Undugu wa lugha zetu una mitego yake.) Sisi tunasema mtu "ana mawazo", na kila mmoja anaelewa kwamba si sifa. Rasimu haikulitumia neno hilo hata mara moja.

Yamebaki mambo mawili. "Uhamisho", kwa zile hisia ambazo mgonjwa humhamishia mtabibu kana kwamba ndiye baba au mama yake, hatulikubali. Watumishi wote waliosoma sura hiyo walidhani ni barua ya kwenda kituo kingine. "Uhamishaji hisia" halina barua ndani yake.

Jambo la pili hatujaafikiana. Rasimu inamwita mtibiwa "mteja", kwa kufuata mtindo wa Rogers wa kukwepa neno mgonjwa, na walimu walilikataa kwa sababu "mateja" mitaani ni waliozama katika dawa za kulevya. Lakini katika Kiswahili cha pwani mteja ni pia yule aliye chini ya uangalizi wa mganga, maana iliyokuwapo kabla ya duka na kabla ya Rogers. Anayemhudumia naye rasimu inamwita "mtibanafsi". Wapo miongoni mwetu wanaotaka "mganga wa nafsi". Wanasema kwamba anayeongoza zahanati ya Kigonsera ni Mganga Mfawidhi, anayeongoza afya ya mkoa ni Mganga Mkuu wa Mkoa, na yule wa kijijini mwenye ngoma naye ni mganga. Dola haijawahi kulikata neno hilo vipande viwili, na kuganga ni kufunga palipovunjika, awe anayefunga ni nani. Wengine wanajibu kwamba muuguzi yule hatapeleka mtu yeyote kwa "mganga wa nafsi" bila ndugu kuuliza kuku ni wa rangi gani.

Tulimwuliza muuguzi mwenyewe. Alisema kwamba angependa kwanza apewe chumba chenye mlango, kisha jina lolote litamfaa. Wasomaji wenye maoni juu ya mteja na mganga wanaombwa watuandikie kabla ya kikao kijacho cha kamati ya istilahi.